Eda ya Kivuli

1

Leokadia alifika saa mbili asubuhi, sanduku la chuma begani, akapiga hodi mara tatu. Shangazi Mwamvua alifungua mlango kiasi cha kupitisha pua.

"Shikamoo, bibi. Natoka Ofisi ya Vivuli. Nimekuja kumrudishia Bi Arafa kivuli chake."

"Marahaba. Njoo kesho."

"Lakini ni leo, bibi. Miezi minne na siku kumi zilitimia jana magharibi. Imeandikwa hapa."

"Imeandikwa na nani?"

"Na mashine ya ofisi."

"Na hiyo mashine ilisimama wapi ikauona mwezi wa Mfunguo Nane?"

Leokadia alikuwa binti wa Kasulu aliyelelewa na masista, na kwao hakuna aliyehesabu siku kwa kuutazama mwezi. Alikuwa amekwisha kuwarudishia vivuli wajane sitini na tatu, na hakuna shangazi wala mama mkwe aliyewahi kumhoji habari za mwezi.

Ndani, nyuma ya pazia, Arafa alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono kaibana katikati ya magoti. Hesabu zote mbili alizijua. Wiki nzima alikuwa akiiwaza siku moja iliyokaa katikati ya hesabu hizo.

Ilikuwa hivi. Jioni ya ishirini na tisa Mfunguo Saba, mawingu ya masika yalitanda Ujiji nzima. Watu walisimama uwanjani mpaka shingo zikawauma, mwezi hawakuuona, wakakamilisha thelathini kama walivyofanya babu zao. Mashine, ambayo haina shingo, ilipiga hesabu yake mezani na kuupa mwezi ule siku ishirini na tisa. Watu wa Ujiji wamegombania mwezi tangu enzi na enzi, wamefunga mbalimbali na kula sikukuu mbalimbali, na hakuna aliyekufa kwa hilo. Safari hii ugomvi wao ulimwachia mjane siku moja ambayo kwa ofisi eda imekwisha na kwa mtaa haijaisha.

"Kifungu cha tisa," Leokadia alisema baada ya kupekua karatasi zake, "kinasema hesabu ya mjane ndiyo itakayofuatwa. Haya, bibi, umenishinda. Nitakuja kesho asubuhi. Ila kofia lazima nimvishe leo, ikisome kichwa chake siku nzima."

"Wewe ni mwanamke, ingia. Viatu acha hapo."

Chumba kilikuwa na kitanda, mkeka, mtungi wa maji na dirisha moja. Kioo kilikuwa kimegeuzwa kikatazama ukuta. Arafa alikuwa amevaa nguo nyeupe zilizofuliwa mpaka zikawa laini, bila hina, bila wanja, bila manukato. Alikuwa na miaka thelathini na minane, na Leokadia, aliyezoea kuiona sura ya kivuli chake kwenye vioo vya mikutano ya bandari, alimwangalia mara mbili.

Zamani, mjane akikaa eda alitoka akakuta kiti chake kazini kina makalio ya mtu mwingine. Wanawake walipiga kelele miaka mingi mpaka ikatungwa Sheria ya Vivuli. Siku ya tatu baada ya maziko mjane anavishwa kofia, akili yake inanakiliwa, na nakala hiyo inakwenda kazini badala yake. Haina mwili, inasema kwenye simu na kuonekana kwenye vioo, inaamua, inasaini. Eda ikiisha anarudishiwa, wawili wanakuwa mmoja, naye anaanza kazi kama hakuondoka. Ni sheria nzuri. Arafa mwenyewe aliandamana juani kuidai akiwa chuoni, bango mkononi, na hakuwahi kuliuliza swali analoliuliza sasa.

"Nikirudishiwa, hii miezi yangu ya humu ndani inakwenda wapi?"

Leokadia alikuwa akinyoosha nyuzi za kofia. Hakuinua uso. "Siku moja, kumbukumbu moja, dada. Kichwa cha mtu hakikuumbwa kukumbuka Jumanne mbili. Mashine inaziweka siku zenu kwenye mizani, moja baada ya moja. Yenye uzito inabaki."

"Uzito wa nini?"

"Wa vitu. Nyuso, majina, maneno, maamuzi. Siku iliyoshikamana na watu wengi ni nzito."

"Na siku ya kukaa tu?"

Leokadia alikohoa kidogo. "Ni nyepesi."

"Yaani zote zitafutika."

"Isipokuwa za kabla ya nakala, na ile ya tatu yenyewe, tulipokunakili. Siku hiyo mliiishi wote wawili, ni moja, haina ugomvi. Inabaki ilivyo." Akajaribu kumtia moyo. "Hutasikia maumivu. Sitini na tatu nimewarudishia, na hakuna hata mmoja aliyeleta malalamiko."

"Wangelalamikia nini? Wangejua wamepoteza kitu gani?"

Leokadia aliacha kunyoosha nyuzi. Ilionekana wazi kwamba hilo halijawahi kumpitia kichwani.

"Na nikikataa?" Arafa aliuliza.

"Kinazimwa. Mtu mmoja haruhusiwi kuwa wawili nje ya eda."

"Chenyewe kinajua?"

"Kinajua. Kimeiandikia ofisi barua mbili." Alimvisha kofia polepole, akabandika spika ndogo ya duara ukutani. "Vivuli vingine haviandiki barua. Kwa kuwa kwetu eda imeshaisha, mnaruhusiwa kusemezana kuanzia sasa. Unaweza kukataa, lakini hiki chako kimeomba sana." Kisha akavaa viatu vyake mlangoni, akaondoka.

2

Mwezi wa kwanza wa eda Arafa hakukaa, alitembea. Dirishani mpaka mlangoni hatua saba, kurudi hatua saba, mpaka shangazi akamuuliza kama anaipima nyumba aiuze. Alikuwa mtu wa kungoja kinachofuata. Utotoni alingoja mtihani, akangoja chuo, akangoja kazi katika Shirika la Matishari, wabeba mizigo wa ziwani, akangoja unaibu, na kila alipokifikia kitu alikikuta kimeshapoa, macho yake yako kwenye kingine. Siku alipolia kwamba kukaa hakumuingii, shangazi alimwambia, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mwanangu. Wewe unakitaka umesimama."

Alipoinama, cha kwanza alichokikuta kilikuwa kibaya.

Mumewe, Sudi, alimpigia simu siku aliyokufa, saa kumi kasoro robo alasiri. Arafa alikuwa kikaoni. Aliliona jina lake, akaigeuza simu kifudifudi juu ya meza. Ilitetemeka, ikatetemeka, ikaacha. Sudi alikuwa fundi wa pampu za maji. Saa kumi na nusu wenzake walimkuta karakanani, moyo umesimama. Huenda simu ile isingemwokoa, na huenda ingemwokoa. Hakuna wa kusema.

Mwezi wa pili wote ulikuwa wa simu ile. Hapakuwa na kazi ya kuikimbilia, kwa hiyo aliisikiliza. Alilia, akajitetea, akamlaumu Sudi kwa kutomwita jirani, akajilaumu mwenyewe, mpaka ikafika siku hana la kuongeza. Lilikuwa limetokea. Alimkosea mumewe na mumewe amekufa, na mambo hayo mawili yakakaa naye chumbani yasimle.

Kisha, mwezi wa tatu, mchana mmoja baada ya adhuhuri, aligundua kwamba tangu asubuhi alikuwa hangoji kitu. Si chakula, si habari, si kesho. Jua lilikuwa ukutani, kuku wa jirani walikuwa wanagombana, naye alikuwapo, na ilitosha. Maishani mwake mwote hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Furaha yenyewe haikuwa ya kupiga vigelegele. Lakini tangu siku hiyo aliikuta kila alipokaa, kama mtu anavyochota maji mtungini mwake.

Hiyo ndiyo iliyokuwa inakwenda kwenye mizani, na mizani ilipima nyuso na majina.

"Hujambo, mwenzangu," spika ilisema. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ila ya haraka, ya mtu anayezungumza huku anavaa viatu.

"Sijambo."

"Nina habari njema. Leo saa nane Baraza la Shirika linanithibitisha. Linatuthibitisha. Mpangaji Mkuu wa safari zote za ziwa. Miaka tisa tumekitaka kiti kile, unakumbuka?"

"Nakumbuka. Hongera."

"Hongera yetu sote. Sasa nasikia unasitasita."

"Nikikurudisha, miezi yangu inafutika."

"Miezi gani? Si ulikuwa umekaa chumbani?"

Hakikusema kwa dharau. Ndivyo Arafa mwenyewe angesema mwezi wa kwanza, na hilo lilimuuma kuliko dharau. Angemwelezaje? Alianza habari ya jua na kuku, akajisikia, akaacha. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia, na wazo la kukizima likamjia jepesi kabisa. Neno moja kwa Leokadia kesho, basi, miezi yake inabaki. Alitishika kuona lilivyo jepesi.

"Unapumzika saa ngapi?" aliuliza, ili aseme kitu.

"Sina mwili. Sihitaji."

"Sikuuliza kama unahitaji."

Safari hii sauti ilikuja polepole.

"Sipumziki," kivuli kilisema. "Kazi ikipungua natafuta nyingine. Ikikatika kidogo tu, naisikia simu ile inatetemeka. Juu ya meza."

Arafa alisogea karibu na spika. "Tangu lini?"

"Tangu siku ya tatu. Wewe ulinitoa siku ya tatu, Arafa. Hata kulia ulikuwa hujaanza vizuri. Ofisi nimeiandikia, wanasema hawana dawa. Ukitaka kunizima una haki, lakini usinizime nikiwa hivi."

Pazia lilisogea. Shangazi Mwamvua alikuwa na chai mkononi, na hakujisumbua kujifanya kwamba hakuwa akisikiliza.

"Huyo naye anamkumbuka Sudi?"

"Ni nakala, shangazi. Anakumbuka yote niliyokuwa nakumbuka."

"Harusi?"

"Na harusi."

"Basi ni mke mwenzio." Shangazi aliweka kikombe chini. "Na mwanamume akifa akaacha wake wawili, wote wawili wanakaa. Wewe umejikalisha eda, mwenzio umemtuma sokoni miezi minne. Nani alikufundisha hivyo?"

Ulikuwa utani, shangazi alikuwa amekiita kivuli "mke mwenzio" tangu siku ya kwanza, kila mishahara ilipoingia. Leo hakucheka. Arafa alitazama chai ikitoa moshi, na woga aliokuwa nao wiki nzima uligeuka upande mwingine. Aliogopa kunyang'anywa. Sasa aliona kuna mtu anaita, amekuwa akiita miezi minne, na yeye mkono wake uko juu ya simu, tayari kuigeuza.

"Kesho nitakubali kurudishiwa," alisema. "Nimeshawahi kuitwa nisiitike. Sirudii."

"Ahsante," kivuli kilisema.

"Ngoja. Na mimi nina ombi. Kaa na mimi leo, kupitia kofia hii, mpaka magharibi. Kata simu zako zote. Tuwe na siku moja, wewe na mimi, ileile. Mashine haitaona ugomvi. Itabaki."

"Leo? Saa nane ni Baraza."

"Najua."

"Nisipotokea kiti anapewa mwingine. Baraza linakaa mara moja kwa mwaka. Unajua nimefanya nini kufika hapa? Nimepanga safari elfu kumi na mbili bila tishari kugusa tishari."

"Najua. Mimi naacha miezi minne. Wewe unaacha kiti."

Shangazi alikwenda zake jikoni. Alikuwa na akili ya kujua mahali pasipohitaji mtu wa tatu.

"Nitakaa mpaka saa nane," kivuli kilisema. "Halafu nitoke robo saa tu, nithibitishwe, nirudi."

"Robo saa hiyo ikitoka, si siku moja tena."

"Nitakaa mpaka saa nane," kilirudia.

3

Kofia ilipofunguliwa njia, kivuli kilivuta pumzi kwa pua ya Arafa na kukaa kimya kabisa.

"Chai ina tangawizi," kilisema.

"Shangazi hajui chai nyingine."

"Nilisahau. Nilikuwa na neno lake tu."

Walikaa mkekani. Kwa muda mfupi mambo yalikuwa matamu, kivuli kikishangaa kila kitu, uzito wa miguu, baridi ya sakafu, kelele za mtoto wa jirani anayekataa kuogeshwa. Baadaye mgongo ulianza.

"Unauma," kililalamika.

"Mpaka saa tano. Halafu unachoka kuuma."

"Tunafanya nini sasa?"

"Hatufanyi."

"Najua hatufanyi. Baada ya hapo?"

Arafa alitaka kucheka, akajizuia kwa sababu aliikumbuka hofu iliyo ndani ya swali lile. Alikuwa akiisikia upya, kwani njia ya kofia ilikuwa ya pande mbili. Haraka ya kivuli iliingia mwilini mwake, vidole vikaanza kupigapiga goti, akili ikakimbilia matishari yaliyokuwa yakipakiwa saruji saa hiyo upande wa pili wa ziwa. Miezi minne ya kujifunza ilitikisika kwa saa moja. Alitishika sana. Huenda alichokuwa nacho hakikuwa chake, alidhani. Huenda kilikuwa cha chumba tu, cha mlango kufungwa.

Saa saba waliswali. Saa saba na nusu walikula wali na dagaa, na kivuli kikala kama mtu aliyetoka safari. Saa nane kasoro dakika kumi kilisema, "Wameanza kukusanyika."

"Umekata simu."

"Moja nimeiacha. Hiyo moja tu."

Arafa aliigusa kofia. Angeweza kukitisha kwamba ataivua. Lakini mtu hakalishwi kwa nguvu. Shangazi hakumfungia mlango hata siku moja, mwezi ule wa kutembea, na mlango haukuwa na ufunguo. "Ukitaka kwenda, nenda," alisema.

"Robo saa, Arafa."

"Nimesikia."

"Wananiita jina. Wananitafuta." Sauti ilikuwa imepanda. "Nikiacha hii kazi nitabaki na nini? Nikisimama tu itaanza. Imeanza. Inatetemeka. Nayo iko humu, kwenye kifua chako, unaisikia?"

Aliisikia. Alidhani alimalizana nayo mwezi wa pili, na sasa ilikuwa palepale, meza ileile, jina lile kwenye kioo cha simu, mkono wake mwenyewe unanyooka. Alitaka kusimama akatembee hatua zake saba. Alitaka, Mungu amsamehe, kukiambia kivuli kiende Baraza, wakimbilie huko wote wawili.

"Usiigeuze," alisema. "Iache itetemeke. Itazame."

"Siwezi."

"Mimi pia siwezi. Tuitazame hivyohivyo."

Ikatetemeka. Arafa akashika mkeka kwa mikono miwili. Hakumfundisha mwenzake neno lolote zuri, kwa sababu hakuwa nalo. Alikaa tu, naye akakaa, na simu ikaita mpaka mwisho wake, yote, sekunde zote ambazo siku ile hakuzisikia kwa kuwa alikuwa amegeukia mezani kujibu swali la mwenyekiti. Ilipoacha, kivuli kililia kwa macho ya Arafa. Kililia kilio cha siku ya nne, kile kikubwa kisicho na aibu, kilichokuwa kimecheleweshwa miezi minne, na shangazi jikoni aliacha kupepeta mchele akasikiliza, kisha akaendelea.

Kilipotulia, jua lilikuwa limeshaufikia ukuta.

"Saa ngapi?" kivuli kiliuliza.

"Saa tisa na nusu."

"Wamekwisha kumpa mtu."

"Nadhani."

Arafa alingoja kilalamike, kisha akaona kwamba hata kungoja huko kunapungua. Kuku walipita dirishani. Upepo ulisukuma pazia ukaliacha. Haikuwa ile raha yake ya mwezi wa tatu, iliyoshiba. Ilikuwa changa, yenye kwikwi, ya mtu aliyetoka kulia. Lakini walikuwa hawangoji kitu, wawili wao, kwa muda wa kama saa nzima. Wakaswali alasiri, wakarudi mkekani, mpaka muadhini akaadhini magharibi, na eda ya Sudi bin Kheri ikaisha kwa hesabu zote.

"Kwa hiyo ndiyo hii," kivuli kilisema polepole.

"Ndiyo hii."

"Na wewe ulikuwa nayo miezi."

"Karibu miwili."

"Pole, mwenzangu," kivuli kilisema, na kwa mara ya kwanza Arafa alilia kwa ajili yake mwenyewe.

4

Asubuhi Leokadia alifanya kazi yake kwa muda usiozidi kuchemsha birika. Arafa alilala, akaamka, akaketi kitandani.

Aliamka na mambo mengi. Safari elfu kumi na mbili. Sura za manahodha, ugomvi wa gati la tatu, jina la mtoto mchanga wa mwenyekiti wa Baraza, kamba iliyokatika Ijumaa moja na jinsi alivyowahi kuokoa mzigo. Miezi minne mizima, myeupe kwa taa, haina usiku. Alikigeukia chumba akakiona kama cha kupanga. Hakujua sukari inawekwa wapi. Alipotafuta siku zake za humu ndani tangu kunakiliwa alizikuta mbili: ile ya tatu, yenye kofia, na ya jana.

"Shangazi," alisema, na sauti ilikuwa ya haraka. "Ni siku moja tu."

Shangazi Mwamvua alikuwa amesimama mlangoni, kanga kaibana kwapani kwa nguvu. "Ndivyo ulivyosema itakuwa."

"Nilisema?" Kisha akakumbuka, ilikuwa jana. "Ndiyo. Nilisema."

Leokadia alishika fomu yake. "Dada, kuna ujumbe wako kutoka kazini. Kiti amepewa mwingine kwa muda. Unaweza kukata rufaa, ukifika mwenyewe kabla ya saa nne. Sasa hivi ni saa tatu na robo." Akasita. "Na fomu inauliza kama kuna malalamiko."

Miguu ya Arafa ilikuwa imeshatua sakafuni. Ilikuwa inajua njia: uani, njia ya reli, ngazi za Shirika, chumba cha Baraza. Dakika ishirini zingetosha. Alikuwa anajua angewaambia nini, maneno yalijipanga yenyewe, na mwili wote ulisisimka kwa ile hamu nzito ya miezi minne. Upande wa pili kulikuwa na mchana mmoja na kuku. Alivaa kiatu kimoja. Akashika cha pili.

"Nilikuwaje?" aliuliza, kiatu mkononi. "Humu ndani. Kabla ya jana."

Shangazi alichukua muda. Hakuwa mwanamke wa kupamba maneno.

"Mwezi wa kwanza ulinitia kizunguzungu kwa kutembea. Wa pili ulilia mpaka nikaficha visu. Wa tatu, siku moja nilikuletea chakula, nikakuta umekaa hapo, jua limekupiga usoni, hata hukuhama. Nikakuuliza, unangoja nini? Ukaniambia, singoji kitu. Ukacheka. Sijakuona ukicheka vile tangu una meno ya utoto. Tangu siku hiyo nilikuwa naleta chakula mapema, nipate kukaa na wewe. Na mimi nilikuwa natulia." Alijifuta pua kwa ncha ya kanga. "Nilikuonea wivu, mwanangu. Mzee mzima."

Arafa alisikiliza habari hizo kama za mtu mwingine, mtu ambaye angependa sana kukutana naye. Hakukumbuka hata kidogo. Uchungu uliomshika ulikuwa mkali, na alishukuru kwamba upo, kwa kuwa bila jana asingekuwa na kitu cha kumuuma. Angekuwa ameshafika barabarani.

"Andika," alimwambia Leokadia.

"Niandike nini?"

"Malalamiko. Andika kwamba nimepoteza miezi minne na najua nimeipoteza. Andika na jina langu. Na wale sitini na tatu, ukiweza, waulizwe kama walikuwa na shangazi wa kuwasimulia."

Kalamu ya Leokadia ilibaki hewani. Kisha akaketi kwenye kigoda, akaanza kuandika kwa herufi kubwa, polepole, kama anayefika mahali pasipo na mstari wa kujazia.

"Saa tatu na nusu, dada," alisema bila kuinua uso. "Ukiondoka sasa utawahi."

Hapakuwa na wa kumzuia. Nguo nyeupe sasa ilikuwa nguo tu, mlango ulikuwa wazi, na hakuna sheria, ya dini wala ya serikali, iliyomtaka abaki hata dakika moja. Arafa alivua kile kiatu kimoja. Akautandika mkeka upya mahali shangazi alipopaonyesha kwa kidevu, pale jua linapofika mchana.

"Eda imekwisha, mwanangu," shangazi alimwambia taratibu.

"Najua, shangazi."

Mgongo ulianza kuuma mara moja. Miguu bado ilitaka kwenda, ilitaka sana, na yeye akaiacha itake, akakaa.